Mheshimiwa Spika: Umbo la Bajeti katika Sauti ya Kibaki

Mwai Kibaki alikabidhiwa Wizara ya Fedha mwishoni mwa 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Aliiacha mwaka 1982. Katika kipindi hicho, kila Juni, alisimama Bungeni Nairobi akasoma andiko lile lile: hotuba ya bajeti. Tarakimu zilibadilika, mafuta yakapanda bei, kahawa ikapaa kisha ikaporomoka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, lakini umbo la andiko halikutikisika. Miaka 20 baada ya kuondoka katika wizara hiyo alichaguliwa kuwa rais, na wengi tukadhani tumechagua mwanasiasa. Nadhani tulichagua utanzu.

Nasema utanzu kwa maana ya darasani: namna ya kusema yenye kanuni zake, inayomtangulia msemaji na kumwamulia kipi kianze, kipi kicheleweshwe, nani aitwe kwa cheo na nani asikilizie mlangoni. Hotuba za viongozi tumewaachia wanahabari, ambao kazi yao ni kukimbiza kilichosemwa. Jinsi kilivyosemwa hubaki yatima. Na katika hotuba zote ya bajeti ndiyo iliyopuuzwa kabisa, kwa kuwa inachosha. Lakini kuchosha nako ni mbinu.

Tuanze na hadhira. Mtunzi wa utenzi humtaja Mola, huagiza wino na karatasi, kisha huingia kwenye kisa. Waziri wa Fedha naye ana mlango wake: humtaja Spika na kusema anatoa hoja. Kutoka hapo Spika huitwa karibu kila aya, na wito huo ni kibwagizo chenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya pumzi, maana msomaji hupata pa kumezea mate kati ya tarakimu na tarakimu. Ya pili ni ya kisiasa. Mlipa kodi ndiye anayetajwa, kupimwa na kukatwa, ila si yeye anayesemeshwa. Anayesemeshwa ni mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti kirefu, ambaye kwa desturi hana la kujibu. Mwananchi anasikia mazungumzo ya watu wawili kuhusu mfuko wake.

Hoja yenyewe ni ya kuchekesha ukiitazama kwa makini. Katika Bunge la Kenya la miaka hiyo, maneno rasmi ya hoja ya bajeti yalikuwa kwamba Spika aondoke kitini. Desturi hiyo ililetwa kutoka London, ambako zamani Spika alihesabiwa kuwa mtu wa mfalme, hivyo wabunge walipotaka kujadili fedha walimwomba kwanza aondoke, wajigeuze kamati. Mfalme akaishiwa nguvu, kamati ikabaki jina, Kenya ikapata uhuru, na bado hotuba ndefu kuliko zote za mwaka, kwa mujibu wa sarufi yake, ilikuwa ombi la saa nzima na zaidi la kumwinua mtu mmoja kwenye kiti. Yale ya bei ya sukari na mishahara ya walimu yaliambatanishwa tu.

Kisha msuko. Hotuba hutangulia na dunia: bei ya mafuta, baridi iliyoharibu mibuni ya Brazil, riba za nchi tajiri. Dunia ikishalaumiwa inafuata Kenya, uchumi umekua kwa kiasi gani, mvua ilinyesha au haikunyesha. Baada ya Kenya ni matumizi, wizara kwa wizara. Kodi huja mwisho kabisa. Wahakiki tunaliita hili taharuki, na hakuna mwandishi wa riwaya ya upelelezi aliyewahi kulitumia kwa uaminifu wa mwaka hadi mwaka kama Hazina Kuu. Msikilizaji anasubiri kujua bia na sigara zimefanywaje, na katika kusubiri huko anapitishwa kwenye nchi nzima bila kuiona. Mambo makubwa, deni la taifa na mgawanyo wa barabara na hospitali, yamewekwa pale katikati, ambapo masikio yamechoka.

Nafsi nazo zina mpangilio wake. Kwenye matumizi mtenda ni Serikali: Serikali imetenga, Serikali itajenga. Tunapofika kodi, ghafla anajitokeza mtu. Napendekeza kupandisha ushuru huu, napendekeza kuondoa ule. Ukiuliza kwa nini Waziri ajitwike mwenyewe sehemu chungu na kuiachia Serikali sehemu tamu, jibu liko katika sheria. Sura ya 415 ya sheria za Kenya, ile ya kukusanya kodi kwa muda, ilimruhusu Waziri kuanza kutoza viwango vipya kabla Bunge halijapitisha Mswada wa Fedha. Kwa hiyo lile neno «napendekeza» halikuwa pendekezo. Likishatamkwa alasiri, usiku wa manane lilikuwa limeshafika kwenye pampu ya petroli. Mjadala ulikuja baadaye, kodi ikiwa imeshaanza kulipwa. Ni fani chache mno ambamo neno hugeuka tendo upesi hivyo: talaka, kiapo, hukumu ya mahakama, na bajeti.

Kuna tabaka jingine, nalo ni lugha. Mwaka 1974 Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Kifungu cha 53 cha Katiba ya zamani kikarekebishwa na baadaye kurekebishwa tena, hadi kikatulia katika sura tuliyoishi nayo muda mrefu: shughuli za Bunge ziendeshwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini miswada, sheria, maazimio ya fedha na hati zake zote ziandikwe kwa Kiingereza. Soma tena. Mbunge aliruhusiwa kulia njaa kwa Kiswahili. Shilingi yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Wasikilizaji wa Sauti ya Kenya na wasomaji wa magazeti ya Kiswahili waliipokea bajeti ikiwa imechujwa kuwa orodha: vilivyopanda, vilivyoshuka. Huo ulikuwa utanzu wa wananchi, mfupi na wenye akili kuliko wa Waziri, kwa sababu ulianzia pale ambapo Waziri aliishia.

Kibaki aliuvaa utanzu huu kama aliyeshonewa. Alizaliwa Gatuyaini, Othaya, mwaka 1931. Akapata daraja la kwanza Makerere mwaka 1955. Akasomea fedha za umma katika London School of Economics. Akarudi kufundisha Makerere kabla ya kuitwa Nairobi mwaka 1960 kuendesha ofisi ya chama cha KANU. Alikuwa mhadhiri kabla ya kuwa mgombea. Alipoingia Bungeni mwaka 1963 aliwakilisha Doonholm, eneo la wafanyakazi mashariki ya Nairobi, na mwaka 1969 Jael Mbogo nusura amng'oe. Uchaguzi wa 1974 alihamia Othaya. Watu husimulia uhamisho huo kama hesabu ya kura, nayo ni kweli, ila una maana ya kifani pia: mpiga kura wa mjini alihitaji kushawishiwa upya kila mara kwa jukwaa na vumbi. Othaya alikuwa mwana wa nyumbani. Aliyebaki kumhitaji aongee alikuwa Spika.

Sauti iliyokomaa humo ilikuwa tulivu, yenye mpangilio, isiyo na sitiari. Hata sitiari yake maarufu kuliko zote, ya mwaka 1991, kwamba kuing'oa KANU ni kama kukata mti wa mugumo kwa wembe, ukiichunguza ni sitiari ya mtu wa Hazina. Haisemi mugumo ni mtakatifu wala ni mwovu. Inalinganisha ukubwa wa kazi na udogo wa chombo, halafu inafunga hesabu. Desemba mwaka huo huo, baada ya kuruhusiwa vyama vingi, alijitoa serikalini akaanzisha Democratic Party. Wembe ule ule ukawa wake, na alikata nao kwa miaka 11, akishindwa 1992 na 1997.

Sasa tufike Uhuru Park, Nairobi, 30 Desemba 2002, siku ya kuapishwa. Mshindi yuko kwenye kiti cha magurudumu, ana plasta, kwa sababu ya ajali ya gari ya mapema mwezi huo kwenye barabara ya Mombasa iliyompeleka Nairobi Hospital, kisha London. Siku za mwisho za kampeni wenzake ndio waliohutubu kwa niaba yake. Wengi wameandika kuhusu umati, matope aliyorushiwa Moi, rais aliyekuwa akiondoka, furaha. Mimi nashikilia sentensi moja katika hotuba aliyoisoma kwa Kiingereza, ile aliyotangaza kwamba zama za sera kutamkwa kando ya barabara zimekwisha, na serikali haitaendeshwa tena kwa matakwa ya mtu binafsi. Moi ameketi hapo hapo. Watu waliisikia kama kofi. Kwangu ni sentensi ya uhakiki: rais mpya, katika dakika zake za kwanza, anaua utanzu wa mtangulizi wake. Tamko la barabarani lilikuwa fani kamili ya utawala wa Moi, kwa Kiswahili, mbele ya umati uliosimamisha msafara, shule ikaahidiwa na ofisa akafutwa kazi papo hapo, na taarifa ya saa saba ikathibitisha. Kibaki akasema basi. Badala yake alileta kile alichokijua.

Na alikileta kweli. Tazama CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, wa sheria ya 2003. Fedha za maendeleo za eneo bunge hazingetoka tena mkononi mwa mkubwa kwenye harambee, asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali ingegawanywa, robo tatu sawa kwa sawa na robo iliyobaki kwa kipimo cha umaskini. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka huo huo ikawabana viongozi kuhusu harambee zenyewe. Wezi hawakukosekana ndani ya CDF, hilo sote tunalijua. Lakini kifani hii ni hatua kubwa: mahali palipokuwa na sauti pamewekwa kanuni ya hesabu. Kanuni haihitaji kupigiwa makofi. Uchumi uliokua kwa chini ya asilimia 1 mwaka 2002 ulifikia asilimia 7 mwaka 2007, na rais aliyeuongoza alikuwa haonekani kwenye taarifa ya habari isipokuwa amelazimika.

Hata kaulimbiu zake zina umbo hilo. «Kibaki tosha» haikuwa yake, ilikuwa ya Raila Odinga, Uhuru Park, Oktoba 2002; na ni ajabu jinsi ilivyomwelewa. Haisemi ni bora wala ni shujaa. Inasema kiasi kimefika. Mwaka 2007 chama chake cha PNU kikaja na «Kazi iendelee», ambayo kiima chake ni kazi. Hakuna mtu ndani ya sentensi. Mpiga kura haombwi lolote, mgombea haahidi lolote, kazi inatakiwa tu isikatizwe.

Ukitaka kuona sera isiyo na msemaji, usiende maktaba, pita mtaa wa Kilimani, Nairobi. Mwaka 2003 riba ya hati za Hazina za siku 91 ilishuka chini ya asilimia 2. Benki zilizokuwa zimezoea kuikopesha serikali na kulala usingizi zikalazimika kutafuta wakopaji, na wakopaji wakatafuta ardhi. Kando ya barabara za Argwings Kodhek, Lenana na Dennis Pritt zilikuwepo bangalo zenye bustani ya nusu eka, urithi wa maofisa wa kikoloni na baadaye wa maofisa wetu. Zikaanza kuondoka moja moja, zikipisha ghorofa za vyumba vya kuuza. Hakuna rais aliyesimamisha msafara hapo kutangaza kwamba Kilimani igeuke. Hakuna waziri aliyekata utepe wa jambo hilo. Riba ilibadilika, na mtaa ukabadilika. Ndiyo fasihi ya Kibaki iliyo kamili kuliko zote, na kasoro yake inaonekana kwa macho: barabara zile zile nyembamba, mifereji ya majitaka iliyochimbiwa familia moja ikitumika na familia 40, maji ya bomba yanayokuja kwa zamu na malori ya maji yanayojaza pengo. Bajeti inajua kuhesabu ghorofa. Haijui kukaa na jirani wawili wanaogombania kivuli cha jengo.

Ila nimekuwa nikizungumza kama kwamba mtu huyu alikuwa na sauti moja. Alikuwa na mbili, na ya pili ndiyo Wakenya huiga wakitaka kucheka.

Desturi ya sikukuu za kitaifa ilikuwa rais asome hotuba iliyoandikwa, aifunge, kisha aongee na wananchi kwa Kiswahili bila karatasi. Kwa Kibaki kipande hiki cha pili ndicho kilichosubiriwa. Sauti ilipanda ghafla. Sentensi zilianza bila kumalizika, kicheko kikaingilia kati, swali likaulizwa na kurudiwa na kurudiwa tena. Spika ametoweka, sasa ni «nyinyi» na «hao». Na hapo ndipo yalipotoka yale maneno: pumbavu, bure kabisa, mavi ya kuku. Mara nyingi aliyetukanwa hakutajwa jina. Alikuwa kundi, wale wanaopiga domo, wale wasiotaka kazi. Watu waliangua kicheko. Mzee amekasirika, mzee ni mtu wa nyumbani kumbe.

Mimi pia nilicheka. Lakini ukiziweka sauti hizi mbili sambamba kuna jambo la kusikitisha. Kile Kiingereza kilichoandikwa kilibeba sera yote bila joto hata kidogo. Kile Kiswahili cha papo hapo kilibeba joto lote bila sera hata kidogo. Katika miaka 10 ya urais wake ni nadra kumsikia akieleza kwa Kiswahili, pole pole, kwa mfano na kwa sababu, kwa nini serikali yake ilichagua hili ikaacha lile, ingawa aliwahi kuwa mwalimu na aliweza kueleza uchumi kuliko yeyote kati ya waliotutawala. Kifungu cha 53 kilikuwa kimeigawa nchi hivyo tangu miaka ya 1970, fedha huku na hisia kule, naye aliishi ndani ya mgawanyo huo muda mrefu hata ukawa tabia yake.

Kwa mizani hiyo itazame 30 Desemba 2007, miaka 5 kamili baada ya Uhuru Park. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, anamtangaza Kibaki mshindi jioni. Muda mfupi baadaye, giza likiingia, Kibaki anakula kiapo katika bustani ya Ikulu, mbele ya wageni wachache na kamera.   Umati wa 2002 haupo. Mabalozi wengi hawapo. Kinachobaki ni kiapo kitupu, tendo la maneno lililotendwa kabla ya mjadala.

Tunaijua fani hiyo. Ni ile ya usiku wa manane, ya Sura ya 415: tamko lianze kazi kwanza, atakayepinga apinge baadaye. Kwenye ushuru wa sigara ina mantiki, maana ukichelewa wafanyabiashara watajaza maghala. Kwenye urais ilimaanisha kwamba nusu ya nchi iliambiwa ikajadiliane na jambo lililokwisha. Sisemi fani iliua watu. Waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi huo, zaidi ya 1,100, waliuawa na vijana wenye mapanga na mishale, na risasi za polisi, na chuki za ardhi zilizopikwa miaka mingi. Nasema kwamba katika wiki zile Kenya ilihitaji rais anayeweza kusema na waliofiwa kwa Kiswahili chenye uzito, na rais tuliyekuwa naye alikuwa na Kiingereza cha Spika na Kiswahili cha matusi ya upendo. Hakuna hata kimoja kilichofaa. Jibu lilipopatikana, tarehe 28 Februari 2008, lilitiwa saini mlangoni pa Harambee House, hatua chache kutoka jengo la Hazina, mpatanishi Kofi Annan akishuhudia, nalo lilikuwa la kimahesabu: mamlaka yakagawanywa kati ya Kibaki na wapinzani wake, wizara zikagawanywa. Wananchi wakaiita serikali ya nusu mkate, wakiwa wamerudi kwenye ule utanzu wao wa kuchuja.

Njia ya kutoka fedha hadi kuongoza serikali haikupitiwa na Kibaki peke yake. Kule Algeria, Aïmene Benabderrahmane alitoka ugavana wa benki kuu akawa waziri wa fedha mwaka 2020 na waziri mkuu mwaka 2021. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa na Matata Ponyo, waziri wa fedha kutoka 2010 na waziri mkuu kutoka 2012. Hapa kwetu Uhuru Kenyatta alishika Fedha 2009 hadi 2012, akawa rais 2013, na alikuwa msomaji wa aina nyingine kabisa. Juni 2009 alitangaza kwamba mawaziri wataachia magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi 1800cc. Zikaja Volkswagen Passat. Hotuba nzima, pamoja na mabilioni ya kuchochea uchumi, imesahaulika, zimebaki Passat. Uhuru aligundua kwamba bajeti inaweza kuwa na mhusika mmoja wa kukumbukwa, hata kama ni gari. Alipokuwa rais aliipenda ishara kuliko hesabu, na mwaka 2016, akizungumzia ufisadi Ikulu, alifikia kuwauliza wasikilizaji wanataka afanye nini. Swali hilo Kibaki asingeliuliza kamwe. Asingetufikiria kiasi hicho.

Mfano wa Tanzania ndio unaonishughulisha zaidi. Cleopa Msuya alikuwa waziri wa fedha kabla ya kuwa waziri mkuu mwaka 1980, akarudi Fedha, akarudi tena uwaziri mkuu mwaka 1994; na Novemba 2025 Mwigulu Nchemba naye alitoka Fedha kwenda uwaziri mkuu. Mawaziri wa fedha wa huko husoma bajeti kwa Kiswahili, «Mheshimiwa Spika» ikipigwa kama ngoma hadi ile «naomba kutoa hoja» ya mwisho. Nisidanganye: Kiswahili hicho kinaweza kuchosha sawasawa na Kiingereza cha Nairobi. Kina majina yake marefu ya mikakati, na kodi humo pia imewekwa nyuma. Lakini mwaka 2021 serikali ilipoanzisha tozo kwenye miamala ya simu, ugomvi ulizuka katika lugha ile ile iliyotumika kuitangaza, kutoka kwa mawakala na mama lishe hadi Bungeni, na mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Hapakuhitajika mtu wa kati wa kuwachujia watu walichotozwa.

Kwetu mtu wa kati alipatikana Juni 2024. Katiba mpya ilikuwa imeshaivunja siri ya zamani: kifungu cha 221 kinataka makadirio yafike Bunge la Taifa angalau miezi 2 kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na kamati ichukue maoni ya wananchi. Mswada wa Fedha ukawa waraka wa kusomwa kabla ya kuuma. Vijana wakausoma, kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, wengine wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais Ruto akakataa kuutia saini. Walichofanya vijana wale kabla ya maandamano kilikuwa uhakiki, tena wa umbo: walianzia kwenye kodi, wakarudi nyuma kutafuta matumizi, wakamwacha Spika akae.

Na aliyetangaza Katiba hiyo, Uhuru Park, tarehe 27 Agosti 2010, ni Kibaki, mwana wa Sura ya 415. Kati ya maandiko yote aliyoyashika mkononi mbele yetu hilo ndilo lililo bora, na halikuwa lake. Alifariki Aprili 2022.

Kifungu cha 120 cha Katiba hiyo kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Lile sharti la fedha kuandikwa kwa Kiingereza limezikwa na Katiba ya zamani. Waziri wa Hazina hahitaji mswada mpya wala ruhusa ya mtu: Juni ijayo aisome bajeti kwa Kiswahili, na aanze na kodi.